Shavu Lililobaki

Watu hudhani aliyechanjwa chale nyingi haogopi kuchanjwa tena. Upuuzi mtupu. Asiyejua ndiye anayekaa kwa ujasiri. Anayejua huanza kutafuta visingizio tangu jana yake.

Mimi nilijua. Miaka ile ya Mwingereza, nikiwa bado mke kijana, chale zilikuwa zimenijaa tumboni na mgongoni, na zote nilichanjwa bila kutoa sauti. Lakini hizo zilifunikwa na nguo. Kisha ukaingia mtindo wa chale za mashavuni, tatu huku na tatu huku, na shavu halifunikwi. Ukishtuka kidogo tu, mstari unapinda, na kila utakayekutana naye kisimani ataona mahali ulipoogopa. Pale kwetu Mwankoko alikuwepo mwanamke wa namna hiyo. Alikuwa mkulima hodari na mama wa watoto wengi, lakini hakuna aliyemtaja kwa hayo.

Siku yangu ya kuchanjwa mashavu nilikwenda porini kujisaidia mpaka nikaona aibu. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alinisindikiza kwa mchanjaji, wala si kwa mapenzi. Alikuwa amebatizwa misheni, ngozi yake haijaguswa na kisu, na kwa kuwa wifi ni mtani, alikuwa na ruhusa ya kusema lolote.

"Wifi, mbona jasho? Hata jua halijakolea."

"Nyamaza. Wewe ukikwaruzwa na bua la mtama unaita kijiji kizima."

"Ndiyo, naita. Mimi sijawahi kujiita shujaa."

Neno hilo lilinikera kwa sababu lilikuwa kweli.

Mchanjaji alikuwa bibi mmoja asiye na mchezo. Tulimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kututazama. Kwa kuvuta muda nikamuuliza kama hana wembe mpya wa dukani.

"Wembe wa dukani ni wa ndevu za makarani," alisema. "Keti."

Akainua ngozi kwa mwiba, akakata kwa kisu chake kidogo. Nilijishika vidole vya miguu, nikawaza ng'ombe, nikawaza kodi, nikawaza chochote kisicho na ncha. Sikushtuka hata mara moja. Alipomaliza kupaka masizi na mafuta ya nyonyo, alirudi nyuma akaangalia kazi yake.

"Imenyooka," alisema.

Nikamtazama wifi kwa dharau yote niliyokuwa nayo. Alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kaniki. Nilijiona mtu.

"Haya, geuza," bibi alisema.

Ujasiri wangu wote nilikuwa nimeumaliza upande mmoja, kama mpumbavu anayekula akiba yote siku ya mavuno. Nikaomba kwenda kujisaidia. Nikazunguka nyuma ya zizi, nikashika njia ya nyumbani, wala sikurudi tena.

Basi nikawa kichekesho. Yule wa mstari uliopinda akapumzika, kisimani wakahamia kwangu. Nikajifunza kukaa kwa hila. Ngomani, mnadani, hata kanisani nilipobatizwa baadaye, nilitafuta pembe ambayo watu wataona shavu lenye chale. Wifi naye, kila alipofika, alizunguka akaja kuketi upande wa pili. Anakaa tu, analitazama lile shavu tupu. Nilimchukia kwa hilo miaka na miaka.

Mume wangu alipofariki tulikuwa wazee, na bibi mchanjaji alishazikwa zamani. Nilikaa mkekani macho makavu tangu asubuhi, na wanawake wameanza kunong'ona kwamba mjane gani huyu. Wifi akaingia na fimbo yake, macho yamevimba kwa kumlilia kaka yake. Wakamsogezea nafasi upande wangu wa chale. Akawashukuru, kisha akaanza kuzunguka polepole, akivuka miguu ya waombolezaji, mpaka akafika upande ule mwingine. Akaketi, akaweka kiganja chake kwenye shavu langu tupu.

"Wifi," alininong'oneza, "bibi bado anakungoja."

Nikacheka kwa sauti kwenye msiba wa mume wangu, na nikiwa katikati ya kicheko hicho ndipo nilipoanza kulia.