Kikao Kiko Chini ya Ngazi

"Tena keki! Mnaninyang'anya saa yangu ya barafu, halafu mnaniletea keki!"

Raili Hyttinen alishafoka robo saa nzima pale ukumbi wa barafu, na Kalervo, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, bado anamkatia kipande. Kikubwa, eti kwa vile ni bingwa.

"Dada Raili, tulia basi. Kahawa inapoa."

Kahawa! Huyu mama zamani aliendesha foklifti kiwanda cha mbao. Siku moja akapanda paa la sauna yake, kibanda cha kuogea mvuke, kukwangua theluji, peke yake, kama Mfini yeyote asiyetaka kumsumbua jirani, akashuka kwa njia ya mkato. Toka hapo, kiti cha magurudumu. Watu wakangoja alie. Yeye akaenda kusukuma mawe barafuni. Jiwe karibu kilo ishirini, unalisukuma kwa fimbo ndefu ukiwa umekaa, liende likatulie kwenye duara kule mbali. Hakuna wa kulifagilia njia liteleze, kama wanavyofanyiwa wanaocheza wima. Ukikosea, umekosea. Miaka tisa hivyo, mpaka timu ya taifa ikamwita kwenye mchujo.

Mchujo wenyewe wiki tano zijazo. Na saa yake ya Jumanne, ya pekee, wamewapa wazee wa hoki, ambao wakicheza dakika kumi, hamsini wanasugua magoti.

"Nani kaamua?"

"Kamati."

"Wapi? Mimi si mjumbe?"

Kalervo akakohoa. "Sauna."

Hapo sasa. Kamati ile haijawahi kuamua jambo la maana ikiwa imevaa nguo. Na sauna yao iko chini ya ukumbi, ngazi kumi na moja.

"Tuliuliza kama kuna anayepinga," Kalervo akasema, uso mkavu. "Kimya. Kimya ni ndiyo, unajua mwenyewe. Mbona hukuja?"

Nije kwa mabawa? Lakini Raili akayameza maneno hayo. Maana na yeye alikuwa na lake: miaka yote hiyo hakuwahi kuomba abebwe. Aombe? Mbele ya watu? Afadhali afe na heshima yake.

Jumamosi, saa tisa mchana, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Wanakamati sita wakapanda ngazi, wakatokea mlango wa nyuma kupoza miili, taulo kiunoni, mvuke unawafuka kama sufuria za wali. Kugeuka, mlango umezibwa. Raili huyo, kafunga breki, kofia ya sufi mpaka kwenye nyusi.

"Kikao kimefunguliwa. Kuna anayepinga nirudishiwe Jumanne yangu?"

"Dada, vidole vya miguu..."

"Sijauliza vidole. Anayepinga?"

Meno tu yanagongana.

"Hakuna. Mwenyekiti, andika."

"Niandike na nini, mama? Nina taulo tu!"

"Kariri."

Robo saa ya kufoka haikufua dafu. Baridi ikamaliza kazi kwa dakika mbili. Jumanne akawa barafuni, anasukuma mawe yake kama kawaida. Kamati ikamwomba radhi, kwa keki nyingine, ikaahidi kuliangalia suala la ngazi. Wataliangalia wapi? Kulekule chini.

Sasa wewe unayesoma, usimpigie Raili makofi, anayo ya kutosha. Nenda pale mnapofanyia vikao, hesabu ngazi. Kama kuna mwenzenu hawezi kufika, hamisheni kikao. Wiki hii, siyo mwakani.