'Mè Puseletso: Mwalimu wa chaki anayeitamani kompyuta

Jua halijafika bondeni Ha Seabata, na sakitu bado imetanda juu ya majani. Puseletso Lekhooana, ambaye wote humwita 'Mè, yaani mama, blanketi limefungwa begani, anapanda ngazi ya mbao huku ameibana paneli ya sola kwapani. Anaiegemeza juu ya paa la bati la shule ya msingi, anaikaza kwa waya, kisha anayatazama mawingu kwa muda mrefu.

"Leo msinifanyie hivyo," anayaambia.

Chini, wanafunzi wa darasa la saba wanampigia kelele. "'Mè, shuka, utaanguka!"

"Nikianguka, naanguka na umeme wangu! Ingieni darasani."

Ana miaka hamsini na sita, na amebakiza minne astaafu. Sayansi na jiografia amezifundisha katika shule hii ya milimani ya Lesotho tangu alipotoka chuoni, na kifaa chake siku zote kilikuwa chaki. Anasema aliipenda, na mpaka leo vidole vyake havitakati.

Mambo yalibadilika mwaka juzi, alipoletwa mwalimu kijana, Ntate (yaani Bwana) Khauhelo, aliyekuja na kompyuta mpakato na projekta yake mwenyewe. Siku moja alimwalika 'Mè Puseletso darasani kwake. Akafunika madirisha kwa mablanketi, na ukutani ukatokea moyo wa binadamu, mkubwa kama mlango, unadunda.

Katika darasa lile alikuwamo msichana aitwaye Relebohile. Tangu mama yake avuke mpaka kwenda kufanya kazi za ndani Afrika Kusini, hakuwa akijibu swali lolote. Siku hiyo alisimama bila kunyoosha mkono.

"Ntate, kwa hiyo hata wa mama unadunda hivi, sasa hivi?"

"Sasa hivi," Khauhelo alimjibu.

'Mè Puseletso alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na mlango. "Miaka yote hiyo nimechora moyo ubaoni," anasimulia. "Nilichora vizuri, na mishipa yake yote. Hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza swali kama lile. Nilitoka nje nikajifanya nina mafua."

Kabla ya mwaka kwisha, Khauhelo alipata kazi Maseru, akaondoka na vyombo vyake. Watoto walimsindikiza mpaka barabarani. Waliporudi, walimkuta 'Mè Puseletso na chaki mkononi, na hawakuficha masikitiko yao.

"Walinipenda, najua," anasema. "Lakini walikuwa wanamtazamia mtu mwingine mlangoni. Na mimi nilikuwa namtazamia."

Aliuza kondoo wake watatu, akanunua kompyuta iliyotumika na projekta ndogo. Wifi yake, 'Malikeleli, alicheka mpaka akakaa chini.

"Yaani umeuza kondoo ukanunua kioo cha kujitazama! Haya, kizae basi tuone."

"Kitazaa."

"Kizae na sufu, baridi inakuja."

Somo la kwanza lilikuwa aibu tupu. Aliwaahidi watoto mfumo wa jua na sayari zake. Alipobonyeza, ukutani ikatokea kwaya ya kanisa lake, yeye mwenyewe mstari wa mbele, anaimba na kuyumba. Kila alipojaribu kuizima, sauti ilizidi. Darasa zima liliimba naye. Hatimaye aliuchomoa waya, akawaambia wafungue vitabu.

"Walicheka kwa upendo," anasema. "Lakini kicheko ni kicheko. Nilikwenda nyuma ya ghala la mahindi, nikalia kama mtoto."

Likizo ya baridi ilipofika, aliposikia kuna mafunzo ya kompyuta kwa walimu mjini, alipanda farasi mpaka barabarani, akamwachia jamaa yake farasi, akadandia gari. Darasani aliwakuta vijana wenye umri wa wanawe. Alikigusa kipanya kwa ncha ya kidole.

"Kibonyeze tu, 'Mè, hakiumi," mkufunzi, binti mmoja mcheshi, alimwambia.

"Mwanangu, mimi nimeshaumwa nacho mbele ya watoto arobaini."

Alikuwa wa mwisho kumaliza kila zoezi. Wenzake walipokwenda kula papa, ugali wa huko, na mboga, yeye alibaki akifungua na kufunga faili lile lile. Siku ya mwisho mkufunzi alimkuta peke yake, ameuweka moyo unaodunda kwenye ukuta mtupu, anautazama tu.

Muhula ulipoanza, aliuonyesha Ha Seabata. Ulidunda kidogo, mawingu yakatanda, betri ikaisha. Watoto walipiga kelele za kusikitika, kisha wakaomba kesho arudie. Alirudia. Sasa anafundisha hivyo kila jua linapokubali, na lisipokubali anarudi kwenye chaki bila kununa.

Relebohile hakuwamo. Alikuwa amemaliza shule ya msingi, akapelekwa kuishi kwa shangazi yake. "Nilitaka anione," anasema 'Mè Puseletso, kisha anashughulika na waya wake.

Kinachomnyima raha sasa ni kingine. Masomo yote anayoyapata yanazungumza Kiingereza, na mito yake ni ya nchi ambazo watoto hawatazifikia. Wazazi wa nusu ya darasa wanafanya kazi ng'ambo ya mpaka, wengine karibu na maji yale yale ya mto Senqu yanayopita chini ya kijiji. Anataka aupige mto picha za video, aueleze kwa Kisotho, kisha wazazi wamtumie picha za mahali walipo, azishone pamoja ziwe somo moja. Kuzishona bado hajui. Mkufunzi amemwambia arudi likizo ijayo.

"Nataka mtoto aone maji yanatoka hapa anapochota, yanakwenda mpaka kwa mama yake," anasema. "Nikistaafu, hilo libaki."

Baada ya masomo anateremka mtoni na simu yake. Anaiinua, anazungumza na maji kwa dakika kadhaa, blanketi likipepea. Kisha anasikiliza alichorekodi. Umesikika upepo tu.

"Na nilisema maneno mazuri, kweli," anasema, akitazama upande mto unakoelekea. Anaifuta simu kwa pindo la blanketi, anaiinua tena, safari hii akiupa upepo mgongo.