Watoto Waliorudi Nyumbani kwenye Karatasi Tu

Saa mbili na nusu asubuhi, Kianda, Kibera. Msichana wa gredi ya tano amesimama mbele ya cherehani, mikono ameinua kidogo, sketi ya shule imemlegea kiunoni. Kanini Kavoi anampima kwa tepu. Anapima mara moja, anapima tena, kisha anaitupa tepu begani na kumtazama mtoto usoni.

"Hii nilikushonea Januari," anasema. "Sasa ni Septemba unaniambia nipunguze. Kwani wewe unakua ukirudi nyuma?"

Msichana anacheka kidogo na kuangalia chini. Kanini anamvutia kigoda, anakaa naye, anamuuliza polepole, kama mtu asiye na haja kubwa na jibu: nani anapika kwenu siku hizi?

Hivyo ndivyo kazi yake ya pili inavyoanza, juu ya kiti kilekile cha kazi ya kwanza. Kanini ni fundi wa sare za shule. Pia ni mhudumu wa kujitolea wa kulinda watoto, na visa vingi amevigundua kwa tepu yake kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo.

"Mtoto wa kawaida anakuja nimwachilie pindo," anasema. "Akikuja nimpunguzie kiuno, hapo kuna maneno."

Ana umri wa miaka hamsini na mmoja. Alitoka Mwingi, Kitui, akiwa msichana aliyekuja kujifunza ushonaji kwa shangazi yake, na Kibera ikamweka. Majirani humwita Mama Alvin. Siku nzuri cherehani humpa shilingi mia saba, siku mbaya mia mbili. Kazi ya watoto haimpi hata nauli, na ukimuuliza kwa nini anaifanya anakutazama kama umeuliza kwa nini anapumua.

Miaka minane iliyopita alichaguliwa katika mkutano wa mtaa, akapewa beji na kitabu cha fomu. Kila kisa hujaziwa fomu na kupelekwa kwa ofisi ya watoto. Mwishoni kuna swali: mtoto yuko wapi sasa? Chini yake kuna visanduku vitatu. Amerudishwa kwa mzazi. Amepelekwa makao ya watoto. Yuko chini ya mahakama. Basi. Aliyeichapa fomu hiyo, ni wazi, hajawahi kukaa kwenye ploti yenye milango kumi na miwili na bomba moja.

Kwa maana hapa mtoto aliyeachwa mara nyingi haendi kokote kati ya hivyo vitatu. Anaenda mlango wa pili, kwa jirani.

Visa huja Ijumaa jioni. Kanini haelewi kwa nini, lakini ni Ijumaa jioni, ofisi imefungwa na makao yaliyo karibu yamejaa. Akipiga simu huambiwa, "Mama Alvin, mtafutie pahali mpaka Jumatatu." Hubisha mlango wa mama anayemwamini, na mtoto hupewa sahani. Jumatatu huja ikapita. Mwezi hupita pia.

"Mara ya kwanza niliacha sanduku zote wazi," anasimulia. "Fomu ikarudishwa na kalamu nyekundu, ati haijakamilika. Nikaipeleka mara tatu. Ya nne nikajiambia, si mtoto amekula, amelala, kuna mama hapo ndani? Nikaweka tiki kwa mzazi. Ikapita."

Akazoea. Wenzake pia walizoea, kila mmoja kwa njia yake, na hawakuwahi kukaa chini kulizungumzia. Katika miaka hiyo minane Kanini alijaza fomu sitini na tatu. Arobaini na nane zina tiki kwenye kisanduku cha kwanza. Watoto ishirini na tisa kati ya hao hawakurudi kwa mzazi yeyote.

Wawili kati yao ni Adhis, mwenye miaka kumi, na mdogo wake Mourine, mwenye minne. Majina hayo si yao halisi. Februari mwaka huu mama yao alisema anaenda hospitali, angerudi jioni. Hakurudi, na simu yake ikazimika. Walikuwa wakiishi Soweto West, kijiji kingine cha Kibera, chumba cha kupanga, na ng'ambo ya ukuta alikuwa Caren, mwenye mtoto mmoja, ambaye hukaanga samaki na kuuza omena kando ya njia. Caren si ndugu yao. Alichojua kuhusu mama yao ni sauti iliyopita ukutani.

"Usiku wa pili nilisikia yule mdogo akilia na mkubwa akimwambia anyamaze," anasema Caren. "Nikaenda nikawachukua. Kwani ningefanya nini, niongeze redio?"

Kanini aliitwa, akaja, akawaona wamekula. Akajaza fomu. Akaweka tiki palepale alipozoea.

Julai, kamati ya Bunge iliyokuwa ikichunguza huduma za serikali kwa watoto na familia zenye shida ilifika Kawangware kusikiliza maoni. Wahudumu wa kujitolea kutoka mitaa kadhaa waliitwa ukumbini. Kanini alivaa gauni lake la kanisani, akaketi safu ya tatu karibu na Okeyo, mhudumu mwenzake wa Kawangware.

Karani wa kamati alisoma ripoti. Takwimu zilikuwa tamu. Kutoka upande wa Kibera, alisoma, watoto watatu kati ya kila wanne walioripotiwa walirudishwa kwa wazazi wao. Mwenyekiti akatabasamu. Akasema eneo hilo ni mfano, na kwamba kamati ilikuwa ikifikiria kupendekeza pesa za nyumba ya kulaza watoto wa dharura ziende kwingine, mahali penye uhitaji. Kisha akawaomba wahudumu wasimame wapigiwe makofi.

Kanini akasimama. Makofi yakapigwa. Anasema hajawahi kuona aibu kama ile, na aliiona akiwa ametazama mbele kama wenzake.

"Nilikaa chini nikahesabu kwa kichwa," anasema. "Hiyo nyumba tunanyimwa ni tiki zangu zinanyima."

Maiki ilipoanza kuzunguka, aliinua mkono. Okeyo akamshika kiwiko.

"Mama Alvin, tulia," alimnong'oneza. "Ukisema hiyo maneno, hao watoto watachukuliwa leo jioni. Na sisi wote tunarudisha beji."

Okeyo hakuwa mwoga, alikuwa anajua mambo. Makao ya wadogo yako upande mmoja wa jiji na ya wakubwa upande mwingine. Adhis angepelekwa huku, Mourine kule. Kanini alilijua hilo vizuri kuliko yeyote ukumbini. Akinyamaza, wasichana wangebaki kwa Caren, pamoja. Akisema, huenda angewatenganisha kwa mdomo wake mwenyewe.

Maiki ikamfikia. Akapiga moyo konde.

"Mheshimiwa, hizo tiki ni mimi niliweka," alisema. "Si zote ni za ukweli. Watoto wengi wako kwa majirani."

Mwenyekiti akavua miwani.

"Mama, unatuambia ulikuwa unadanganya serikali?"

"Nilikuwa najaza penye kuna nafasi."

"Hao watoto wako kwa nani? Tupe majina."

"Sitatoa, mheshimiwa. Nikitaja mlango, kesho gari inakuja. Kwanza niambie hiyo gari itawapeleka wapi."

Kulikuwa na minong'ono. Mwenyekiti alimgeukia Nabalayo, afisa wa watoto aliyekuwa ameketi pembeni na faili mapajani, akamuuliza swali lilelile: wakichukuliwa kesho wataenda wapi?

Nabalayo ndiye aliyekuwa akizirudisha fomu kwa kalamu nyekundu. Pia ndiye sauti ya Ijumaa jioni iliyosema mpaka Jumatatu. Alisimama, akafungua faili, akaifunga.

"Kwa sasa, mheshimiwa, hatuna pahali," alisema.

Jibu hilo liliandikwa katika kumbukumbu za kamati. Kanini anasema alimwonea huruma afisa huyo kuliko alivyojionea mwenyewe. Kamati iliagiza takwimu zirudiwe upya, mtoto kwa mtoto, na pendekezo la kupeleka nyumba ya dharura kwingine likasimamishwa. Kusimamishwa si kujengewa, lakini angalau nyumba haikuzikwa.

Habari zilifika Soweto West kabla ya Kanini. Aliporudi, mlango wa Caren ulikuwa umefungwa ingawa moshi wa jiko ulitoka dirishani. Alibisha, akaita. Aliyejibu alijibu kutoka ndani.

"Nilikuwa na amani na hao watoto," Caren alimwambia. "Wewe ukaenda kuwatangaza kwa maiki. Enda tu, Mama Alvin."

Siku kumi na moja hawakusalimiana. Caren alikuwa amewafungia wasichana mizigo kwenye mfuko mmoja, tayari kuwapeleka kwa dadake Homa Bay gari la serikali likionekana. Kanini hakulala vizuri siku hizo. Alikuwa akishona huku akiangalia njia, na mara mbili alishona mfuko wa shati upande usiofaa.

Siku ya kumi na mbili Nabalayo alikuja. Alikuja kwa miguu, viatu vya ofisi vikiwa na matope, akapita kwanza kwa Kanini. "Nipeleke," alimwambia. "Nimekuja peke yangu. Sina gari na sina askari."

Caren alifungua mlango nusu. Nabalayo akaeleza akiwa nje: sheria inamruhusu mtu asiye ndugu kulea mtoto wa namna hii, ofisi ikimkagua na mahakama ikimpa kibali. Ombi ni la bure. Katika vijiji hivi hakuna jirani aliyewahi kuambiwa, kwa sababu kwenye karatasi hakukuwa na mtoto yeyote anayelelewa na jirani.

"Na hii chumba moja yangu?" Caren akauliza.

"Nitaandika ni chumba moja," Nabalayo alisema. "Na nitaandika wako pamoja."

Mlango ukafunguka wote.

Tangu siku hiyo Kanini amekuwa akipita milango ya wale watoto ishirini na tisa aliowaficha, akiomba ruhusa ya kuandika ukweli. Amemaliza milango kumi na saba. Wengine humkaribisha chai. Wawili wamekataa katakata, na mmoja amehama Kibera pamoja na mtoto, bila kusema anakoelekea. Hilo la mwisho humsumbua, na hajifanyi kwamba halimsumbui.

Lakini swali lililomkata maini halikutoka kwa mbunge wala kwa mama yeyote. Lilitoka kwa Adhis, siku alipofika na fomu mpya chumbani kwa Caren.

"Mama Alvin, ati kwa karatasi sisi tulirudi kwa mathe?"

"Ndio," Kanini alimjibu.

"Na Mourine?"

"Na Mourine."

"Sasa ndio maana hakuna mtu amekuwa akimtafuta mathe?"

Kanini anasimulia hadi hapo, kisha anasimamisha cherehani kwa kiganja. Alikuwa amewaza juu ya chakula, malazi, beji, nyumba ya dharura, kutenganishwa kwa ndugu wawili. Hilo moja hakuwa ameliwaza. Kwa serikali, mama huyo hakupotea. Tangu Februari alikuwa nyumbani na wanawe, na hakuna anayemtafuta mtu aliye nyumbani.

"Nililia mbele ya mtoto," anasema. "Nikamwambia ni mimi. Nikamwomba msamaha. Mtoto wa miaka kumi, namwomba msamaha, na ananiambia, 'Si basi tuandike tena.'"

Wakaandika. Sasa kuna taarifa ya mtu aliyepotea, na Nabalayo ameanza kuulizia hospitalini, wodi kwa wodi. Hakuna habari bado. Ombi la Caren litasikizwa mahakamani mwezi ujao, na Kanini atafunga kibanda siku hiyo aende akatoe ushahidi. Akiulizwa anatumaini nini, hataji mengi. Anataka hakimu awaache pamoja. Anataka fomu iongezwe kisanduku cha jirani. Na anataka mama yule apatikane, akiwa hai kama Mungu ameamua hivyo, ili Adhis aambiwe kitu cha kweli.

Nakala ya taarifa ile anayo kwenye droo ya cherehani. Sehemu ya maelezo ya mtu ina mistari mitatu tu: urefu, rangi, alama. Adhis alisema mama yake ni mrefu kumshinda Caren kidogo, ni mweusi, na ana kovu la kuungua mkono wa kushoto. Mistari ikajaa. Msichana akaendelea kusema, na Kanini hakumkatiza, wala hakuiweka kalamu chini. Aliigeuza karatasi upande na kuandika pembezoni, kwa herufi ndogo, kuzunguka hadi juu: kwamba huimba akifua, kwamba hapendi kitunguu kibichi, kwamba akiitwa kwa sauti kubwa haitiki, mpaka umwite polepole kwa jina la mtoto wake wa kwanza.