Kashata zangu za bila sukari zimemlaza baba mkwe, na anayelaumiwa ni mwingine

Admin, nifichie jina, na kijiji usikitaje kabisa, maana huku tunajuana mpaka mbuzi wa mtu. Na ninyi mnaosoma, nitukaneni baadaye, kwanza nisikilizeni. Nina miaka 29, nimezaliwa Nemba, Biharamulo, nimeolewa upande wa Kirushya, Ngara, huu mwaka wa sita, nina watoto wawili. Mimi ni mtu wa maneno mengi na vicheko, waulizeni wanakwaya wenzangu. Lakini wiki hii mdomo umekauka. Simu ikiita nashtuka. Naogopa jamani.

Baba mkwe ana kisukari. Mama mkwe alifariki kabla sijaolewa, mzee akaoa mwanamke mwingine, tunamwita mama mdogo. Ndiye anayempikia, anamkumbusha dawa, anamwosha miguu. Watoto wa mzee hawajawahi kumpenda, hasa wifi yangu mkubwa, ambaye akija hapa hata maji ya mama mdogo hanywi.

Mwaka jana niliona kwenye simu watu wanatengeneza kashata na vitonge vya kuongeza nguvu bila sukari. Wenzetu wanatumia tende, sasa mimi huku tende naitoa wapi? Nikatumia akili yangu. Nakaanga karanga na ufuta, natwanga. Halafu ili vishikane nachukua umutobe, ile juisi ya ndizi mbivu tunayokamua nyumbani, nauchemsha taratibu mpaka unakuwa mzito kama asali. Nachanganya, vingine nafinyanga vitonge, vingine nakandamiza kwenye sinia nakata vipande. Vitamu, acheni tu! Na sukari sijatia hata chembe. Kwa akili yangu sukari ilikuwa ile ya dukani, ya kupimiwa kwenye mfuko. Ndizi ndiyo imetulea, nani aliwahi kuiogopa?

Kwetu mkamwana hakai na baba mkwe wakapiga soga, kwa hiyo kopo nilimpa mama mdogo ampelekee. Akarudi anacheka. "Mzee anasema Mungu akubariki, alikuwa amesahau utamu." Nikavimba kichwa. Kila wiki nikawa natengeneza, mzee anakula asubuhi, anakula akitoka shambani, anakula jioni. Alipoanza kusumbuliwa na kiu na kwenda msalani kila saa, mama mdogo alinijia akaniuliza kama hizi kashata tusizipunguze kidogo. Mimi kwa kinywa changu nikamjibu, "Mama, hazina sukari hizo. Mwache mzee ale apate nguvu." Neno hilo linanitafuna mpaka sasa.

Wiki mbili zilizopita mzee alianguka shambani. Hospitali wakapima, sukari imepanda mpaka mashine ikashindwa kuisoma. Mume wangu alilia mbele za watu, sijawahi kumwona hivyo.

Siku ya tatu nilipeleka uji. Nje ya wodi nesi alikuwa anawafundisha wagonjwa wa kisukari waliokaa kwenye benchi. Nikasimama tu kusikiliza. Akasema, "Msidanganyike na neno bila sukari. Asali inapandisha. Juisi ya matunda inapandisha hata kama hujaongeza kitu. Ndizi mbivu ukizikamua ukanywa, hiyo ni sukari unakunywa." Nikakaa chini na chupa yangu ya uji. Nilitakiwa nimwite yule nesi palepale. Sikumwita. Nilirudi nyumbani.

Wifi akaja. Hakuuliza dawa wala chakula, alisema moja kwa moja, "Huyu mwanamke anamtilia baba kitu. Anataka shamba." Mume wangu, mtu mpole, akaitikia. Mama mdogo alipobanwa anampa nini mzee, alitaja ugali, maharage, mboga, kila kitu. Kashata hakuzitaja. Nadhani machoni pake zile zilikuwa dawa kutoka kwa mkwe mwema.

Sasa mzee ana nafuu, kesho anaruhusiwa. Jumamosi ukoo unakaa, na wameshakubaliana kwamba mama mdogo arudishwe kwao Murukulazo. Jana mume wangu aliniletea karanga, akaniambia, "Mama watoto, baba anaulizia kashata zako. Tengeneza kopo jipya. Kuanzia sasa chakula chake kitatoka kwako, wewe ndiye tunayekuamini." Aliponitazama usoni akaniuliza kama nina malaria.

Alipotoka tu, mama mdogo akaingia jikoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwana wanje." Ndiyo kusema mwanangu. Akakaa kwenye kigoda. "Jumamosi sina mtu pale. Wewe ndiye umeona ninavyomtunza baba yenu. Utanisemea?"

Nikasema ndiyo, mama. Akafuta macho, akavuta ungo, akaanza kunichambulia zile karanga ili nisichelewe kumtengenezea mzee kashata zake.

Ndugu zangu, nikisema, wifi atageuza maneno kwamba mimi ndiye muuaji, nitarudishwa Nemba na watoto watabaki huku. Na kuna wagonjwa wengine wawili wa kisukari niliowauzia kashata hizi, mmoja amepiga simu leo asubuhi anataka zaidi, sikupokea. Karanga ziko hapa mbele yangu kwenye ungo, safi, sijaziwekea moto. Nianzie kwa mume wangu leo, nimfuate yule nesi, au nisimame Jumamosi mbele ya wote? Nielekezeni la kufanya. Ila msiniambie ninyamaze, hilo nimeshalijaribu.