Plau ya Kukodi na Ng'ombe wa Mahari Yangu

Baba yangu alikuwa na trekta isiyo na kitu nyuma. Nikisema hivyo leo wajukuu wanadhani ni kitendawili, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa ameendesha trekta ya mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa huku kwetu Mbozi kwa miaka mingi, na mzungu yule alipoichoka kahawa, au kahawa ilipomchoka yeye, akafunga virago kurudi kwao. Badala ya kiinua mgongo alimwachia baba trekta, kuukuu, yenye kukohoa moshi. Plau, haro ya kuvunjia mabonge, na tela alimuuzia mwenye duka mmoja wa Kihindi kule Tunduma. Baba akabaki na mnyama wa kuvuta asiye na cha kuvuta.

Jumapili aliiendesha kwenda kanisani, sisi wengine tukitembea nyuma tukila vumbi lake. Mama alisema trekta bila plau ni kama mwanamume aliyevaa koti bila shati, kwa mbali anapendeza. Na trekta yenyewe ilikuwa inakunywa mafuta ya taa. Yale yaliyokuwa ya koroboi yetu yaliishia kwenye tangi, tukawa tunakula gizani, na humo gizani baba akitueleza jinsi tutakavyotajirika.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaolewa, kule chini karibu na Tunduma, kwa Wanamwanga. Nilikuwa nimerudi nyumbani kwa sababu ya mimba, maana katika ukoo wetu binti hujifungulia mtoto wa kwanza kwa mama yake. Mume wangu alikuwa ng'ambo ya mpaka, kwenye migodi ya shaba, kama vijana wengi wa kule. Mwanzoni alituma blanketi na salamu. Baadaye salamu bila blanketi. Baadaye kimya. Kijana mmoja aliyerudi kutoka huko nilimuuliza habari zake, akanijibu, "Anaishi vizuri," kisha akainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imeshafungwa. Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Nilikasirika mpaka maziwa ya mgando yakawa yananichefua, na hasira hiyo nilikuwa nayo peke yangu, kwani sikumwambia mtu.

Basi mvua zilikuwa zinakaribia, na nyumba nzima ilikuwa na neno moja tu mdomoni: plau. Tununue au tukodi?

Mwaka uliotangulia baba alikuwa amekodi. Mwenye duka alikuwa mtu mwungwana, hakumpunja wala hakumfokea, ila alikuwa na utaratibu wake. Shamba kubwa la kahawa lililobaki lilikodi kwanza, na baba alipata plau walipomaliza wao, mvua zimeshaingia na majani yameshaota. Ilimuuma kukodi chuma ambacho alikuwa amekikokota miaka yote. Sahani ya tatu ya plau ile ilikuwa na ubapa pembeni, na ubapa huo aliutia yeye mwenyewe kwa kugonga kisiki enzi za mzungu. Sasa alikuwa akiagizwa airudishe safi, asiiharibu.

Lakini kilichommaliza mwaka ule si shamba kubwa. Ni sisi wenyewe. Kwetu mtu akisikia trekta inaunguruma kwako, anakuja na kibuyu cha togwa, anakaa, anauliza hali ya watoto mmoja mmoja, na kabla togwa haijaisha umeshamkubalia kumlimia kipande chake. Utamkataaje? Ni mjomba. Ni mzee wa kanisa. Ni yule aliyekuazima jembe la mkono ulipokuwa huna hata la mkono. Baba alizunguka kilima kizima akilima mashamba ya watu, huku siku alizokodishiwa zikiyeyuka, na alipogeukia mteremko wake mwenyewe ule wa kuelekea mtoni, mjumbe wa mwenye duka alikuwa ameshafika kuchukua plau. Mteremko ukabaki nyasi. Tulikula togwa badala ya mahindi, kwa maneno ya mama.

Ndiyo maana mwaka huu baba alisema ananunua. "Ikiwa yangu," alisema, "nitalima kwangu kwanza, halafu nitawalimia wengine kwa nafasi."

"Ikiwa yako," mama akamjibu bila kuinua macho kutoka kwenye maharage aliyokuwa akichambua, "utalima kwao mpaka Krismasi. Cha kukodi angalau kina kisingizio. Unasema, jamani, mwenyewe anakitaka. Ikiwa yako utasema nini?"

Kwetu mtu aliyezidiwa maneno huenda kuangalia trekta. Baba alikwenda, akaipangusa vumbi, akarudi na hoja mpya. Plau ya kukodi, alisema, inakufundisha kusubiri, na ardhi haisubiri. Kila mwaka utalipa, na kila mwaka utarudi mikono mitupu. Mama akasema kila mwaka mtu anakula pia, na kila asubuhi anaamka na njaa, mbona hajalalamika. Nilikuwa nikiwasikiliza nacheka, maana waliijua kazi ya kubishana kuliko kazi ya kulima. Kusema kweli wote wawili walikuwa na haki. Nimeishi miaka mingi tangu hapo, na bado sijui ningeamua vipi kama ingekuwa plau peke yake.

Ila haikuwa plau peke yake. Bei ya plau ilikuwa ng'ombe wa mahari yangu.

Hapa lazima nieleze, maana vijana wa siku hizi mahari yao huja ndani ya bahasha. Ng'ombe wa mahari walikuwa kitu kinachoonekana. Wakwe zangu walipotutembelea, macho yao yalianzia zizini kabla ya kufika mlangoni. Mama mkwe wangu alikuwa akisimama kwenye boma, analitazama lile jike jeupe lenye pembe iliyopinda, anaguna kwa kuridhika, ndipo anaamkia watu. Ng'ombe wale wakiwa wazima, kila mtu alijua ndoa iko wapi. Na siku ndoa ikivunjika, ni wao waliorudishwa, wao au watoto wao, kwa miguu yao, barabara nzima ikishuhudia. Binti ambaye ng'ombe wake wameshaliwa aliambiwa, "Rudi ukavumilie." Nilimjua mmoja. Alivumilia mpaka meno ya mbele yakaisha.

Kwa hiyo baba alipokuwa anahesabu sahani za plau, mimi nilikuwa naona mlango wa nyumbani unafungwa. Nilimpenda sana baba yangu. Nilitaka alime mteremko wake. Na usiku nilipojilaza na tumbo langu nilikuwa nikimwomba Mungu yule Mhindi augue kidogo, asife, augue tu hadi mvua zipite.

Hakuugua. Siku moja baada ya ibada shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuja kwetu, kwa sababu mahari haiguswi bila shangazi kuambiwa. Alikaa kwenye mkeka amenyoosha miguu, akasikiliza yote, akatoa hoja yake, nayo ilikuwa fupi. Mtoto hajazaliwa, mume hajamwona. Kuuza ng'ombe sasa ni kula chakula kabla hakijaombewa.

"Dada," baba akasema, "nikisubiri mtoto azaliwe na baba yake arudi, mvua zitakuwa zimekwisha. Kesho nawaswaga Tunduma. Mwenye duka amekubali kuwapokea."

Shangazi akakunja miguu yake. Alikuwa ameshasema la kwake, na baba ndiye mwenye zizi. Mama aliendelea kuchambua. Niliona vidole vyake vinatupa maharage mazima pamoja na mabovu.

Mimi sikuwa na nafasi ya kusema pale. Binti hasemi kuhusu mahari yake, kama vile kuku asivyoulizwa kuhusu mchuzi. Nilikuwa kizingitini, napumua kwa shida, miguu imevimba. Nikasikia sauti yangu.

"Baba, ng'ombe wakigeuka plau, siku nikirudi utawapa wakwe nini? Sahani za chuma?"

Shangazi alijipiga paja. Baba alinigeukia taratibu. Sijawahi kuona uso wake ukiwa vile, hakuwa na ukali, alikuwa kama mtu aliyekanyaga mahali akidhani pana ngazi.

"Unataka kurudi?" akauliza.

"Sijui, baba."

"Mwanamke aliyeolewa hasemi sijui."

"Basi mimi nasema. Sijui. Mume wangu yuko na mwanamke huko migodini, na hajaniandikia. Labda atarudi mtu mwema. Labda hatarudi. Nikiwa najua naweza kutoka, naweza kumsubiri. Nikiwa najua siwezi, nitamchukia kabla hajafika."

Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema, hata kwangu mwenyewe. Nilianza kulia, na kulia kwa mwenye mimba hakuna adabu, kunakuja na kamasi na kwikwi. Mama alinivuta nikakaa. Baba alisimama akatoka nje, na tukasikia kiti cha trekta kikilia alipopanda. Hakuiwasha. Alikaa tu pale, mikono kwenye usukani, akiangalia mteremko wake mpaka kuku walipoanza kuingia bandani.

Asubuhi tuliamshwa na mlio wa injini. Nilitoka mbio kadiri tumbo lilivyoniruhusu, nikaenda zizini. Jike jeupe lilikuwa linacheua. Walikuwepo wote. Baba alikuwa ameshika njia ya Tunduma peke yake.

Alirudi mikono mitupu, kama alivyorudi mwaka wa nyuma. "Nimekodi," alimwambia mama. "Shamba kubwa wanaanza, halafu mimi." Akaomba maji ya kunywa. Mimi sikusema asante, kwa sababu ningeisema angelazimika kuijibu.

Plau ilikuja imechelewa, kama tulivyojua itachelewa. Togwa nayo ilikuja, ila safari hii mama alikaa njiani na kigoda chake, akimwambia kila mwenye kibuyu kwamba plau ni ya watu na mwenyewe ni mkali kama pilipili. Mhindi wa watu, mpole yule, akapata sifa mbaya kilima kizima. Baba alilima nusu ya mteremko. Nusu ya pili ilibaki nyasi mwaka huo, na mwaka uliofuata, na miaka mingine kadhaa. Kila nilipokuja kutembea niliiona kutoka barabarani kabla sijaiona nyumba, na iliniuma. Mtu akikupa kitu kikubwa, hukupa pia kukiona alichokosa.

Nilijifungua mtoto wa kike mwenye mapafu ya askari. Nikarudi kwa wakwe, na mume wangu akarudi kutoka migodini mtoto akiwa ameanza kutambaa. Aliingia uani na sanduku jipya, amevaa kofia, anasalimia watu "Mulishani mukwai" kama Mbemba aliyezaliwa huko ng'ambo. Nilimngoja amalize kula. Nikamuuliza kuhusu yule mwanamke. Alijaribu kucheka. Nikamwambia, "Ng'ombe wako wako kwa baba, wazima wote, na jike jeupe limezaa. Ukitaka tuwafuate, kesho nakusindikiza." Nilikuwa nimetulia kabisa, na nadhani kilichomtisha ni utulivu huo. Alivua kofia. Akasema yaliyokuwepo, nusu yake labda, na akasema yameisha. Nikachagua kumwamini. Nasema nikachagua, maana wako wanawake niliowajua ambao hawakuwa na cha kuchagua, na walilala kitanda hicho hicho wakiangalia ukuta.

Hakuwa mume mbaya baada ya hapo. Alikuwa na makosa yake kama chumvi kwenye mboga, huzidi siku moja, hupungua siku nyingine. Tulizaa tena, na tena. Nikaanza kuona aibu kidogo kwa ajili ya baba. Nywele zake zilikuwa zinaingia mvi, trekta ilikuwa inawaka kwa kubembelezwa, na kila mwaka alikuwa bado akishuka Tunduma kuomba plau aliyoijua kuliko mwenye nayo.

Mtoto wa tatu alipoacha ziwa nilimbeba mgongoni nikapanda Mbozi mahususi kwa jambo hilo. Nilimkuta baba yuko chini ya plau, amelala chali, anakaza nati. Nilichuchumaa karibu naye nikamwambia niliyopanga njia nzima. Kwamba nimetulia. Kwamba sitarudi tena, ila kutembea. Kwamba wakati umefika awauze ng'ombe wale anunue plau yake, alime mteremko mpaka mtoni angali na nguvu.

Alisikiliza bila kuacha kazi. Kisha akatoa kichwa nje, uso wote umejaa grisi.

"Mumeo anajua kama ng'ombe bado wapo hapa?"

"Anajua, baba. Kila nikitoka huku anauliza hali yao kabla ya kuuliza yako."

Baba alicheka mpaka akalazimika kuweka spana chini. Alijifuta macho kwa mkono, akajipaka grisi zaidi.

"Basi waache wasimame hapo hapo," akasema, na akarudi chini ya plau ya watu, maana ilikuwa inasubiriwa Tunduma jioni ile ile.