Kamba ya Mgomba Chini ya Daraja la Kishanda

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhandisi wa Wilaya pale Muleba alitazama viatu vyangu kabla ya cheti changu. "Fundi sanifu wa Kashozi, huku tunashuka mtoni," akasema. Nilikuwa nimevaa viatu vya visigino virefu. Nikavivua, nikashuka pekupeku, na tangu siku ile nikaipenda kazi ya chini ya madaraja.

Ninyi vijana mna vifaa vya kisasa, lakini kupima daraja ni kulekule. Unapandisha malori yaliyojaa mawe, boriti inanepa kidogo. Malori yakiondoka, boriti sharti irudi ilipokuwa. Mnepo huo hauonekani kwa macho. Sisi tuliusoma kwenye saa ndogo ya kupimia, yenye mshale, iliyofungwa chini ya boriti, ncha yake ikigusa nguzo iliyosimikwa mtoni.

Mwaka uleule, tukaenda Kishanda, nami nikasahau ofisini waya wa kufungia saa. Mhaya mzima nibabaike kwa kukosa kamba? Nikaloweka kamba ya mgomba ilainike, nikaifunga saa, nikajisifu.

Saa saba mchana malori yakapanda, kisha yakaondoka darajani. Mshale haukurudi kwenye sifuri. Mhandisi akausoma mara tatu.

"Boriti imechoka. Tunafunga leo."

Akina mama waliokuwa wakisubiri ng'ambo na kahawa yao wakatua mizigo chini. Bila daraja lile, hata mjamzito angezungushwa nusu siku kufika zahanati.

Nikashuka kuifungua saa. Ikacheza mkononi kama jino bovu. Kamba ilikuwa imekauka, ikalegea, saa ikateleza chini. Niliogopa sana, maana nilikuwa bado sijathibitishwa kazini.

"Mzee, boriti haijachoka. Ni kamba yangu."

Akainama, akaishika. "Umefunga kipimo cha serikali kama mkungu wa ndizi?"

"Ndiyo, mzee."

Akacheka mpaka akakaa juu ya jiwe. "Haya, tafuta waya. Malori yapande tena!"

Dereva mmoja akatupatia waya. Safari hii mshale ukarudi polepole, ukatulia kwenye sifuri. Nikapiga kigelegele kulekule chini, akina mama wakaitikia. Bibi mmoja akanishika mikono, akanishukuru kwa Kihaya: "Kasinge, mwana wange! Ungenyamaza, nani angejua?"

Sasa nimestaafu. Mwaka jana mkamwana wangu alivushwa daraja lilelile akiwa na uchungu, akajifungua salama. Nikienda kumwona mjukuu, namwomba dereva wa bodaboda anishushe kabla ya daraja. Anadhani naogopa. Navua viatu, navuka pekupeku, nikicheka peke yangu.