Mstari wa Migomba Ambao Kalista Hakuuza

Mara ya kwanza kufika kwa Kalista, pale Mabawe, nilifuata ndizi, naye akakataa kuniuzia zilezile nilizozitaka. Mstari mmoja wa migomba ulitoka mlangoni kwake ukashuka hadi kwenye zizi la mbuzi. Mikungu yake ilikuwa imekomaa kupita kiasi. Mingine ilishaiva, ndege wanajilia.

"Mama, hii unawatunzia ndege?"

"Huo mstari hauuzwi. Chukua kule juu."

"Naongeza bei."

"Ongeza. Hauuzwi."

Nikadhani ni ujanja wa kupandisha bei. Mimi mwenyewe nimeishi kwa ujanja huo. Nikaanza kuondoka polepole kuelekea kwenye pikapu, kama mtu anayesubiri kuitwa. Akaniita kweli, lakini si kwa habari ya ndizi.

"Wewe kijana, huo mguu wa kushoto unauogopea nini?"

Nilikuwa na mgongo. Miaka ya kupakia magunia ya maharage na mikungu ya kupeleka Rusumo ilikuwa imeniachia maumivu yanayoshuka hadi kwenye goti, na dawa zote za kuchua zilizouzwa pale mpakani nilikwisha kuzipaka. Kalista alikuwa mkandaji. Madereva na matingo wa malori walimfuata kutoka mbali. Tukapatana: mimi nimbebee ndizi zake za kule juu hadi Rusumo bila nauli, yeye anitengeneze mgongo.

"Mgongo tu," nikamwambia. "Mengine sina shida nayo."

"Mgongo peke yake siujui. Haujawahi kuja hapa peke yake."

Kabla hajanigusa akaniuliza ninalalaje, ninakula nini njiani, ninakunywa maji saa ngapi, na ni nani nisiyesemeshana naye. Nikamwambia hilo la mwisho halimhusu. Akasema basi mgongo wangu nao haumhusu, akakaa chini kuchambua maharage. Nikamjibu. Kisha akanitaka nipakie gunia kwenye gari huku yeye anatazama.

"Ona! Unapakia kama mwizi. Umebana pumzi, unakimbia. Mwenye mali anakuja?"

Mumewe akacheka kutoka mlangoni. Huyo ndiye Protasi, na hapo ndipo nilipoelewa ule mstari. Mwaka uliopita kiharusi kilikuwa kimempiga upande wa kulia. Kila asubuhi alitoka nje akashika shina la kwanza, akavuta mguu, akashika la pili, hivyohivyo hadi zizini. Ukikata mkungu umeangusha mgomba, na kila mgomba ambao ungeanguka ungemwachia Protasi pengo njiani. Mke aliziacha ndizi zioze mume apate pa kushika.

Kalista hakumkanda mguu tu. Alimtembeza akiimba nyimbo za kanisani, ili pumzi isimkwame. Jioni alimpa maharage ayamenye kwa mkono mbovu. Siku Protasi akiamka na hasira, hakuna kutembea. Walikaa kwanza wakazungumza mpaka mabega yake yashuke.

Wote pale nyumbani walijua shabaha ya Protasi. Mama yake, bibi mzee sana wa kijiji cha Kirushya, alikuwa anaumwa, na katika ukoo wao mzaliwa wa kwanza ndiye anayesimama ukingoni mwa kaburi na kutupa udongo wa kwanza.

"Nitasimama," Protasi aliniambia. "Yule mama ndiye aliyenifundisha kusimama. Sitamzika nimekaa."

Miezi ikaenda. Mgongo wangu ukaanza kunyooka. Asubuhi moja nilimkuta Protasi amefika mgomba wa mwisho, ameuachia, anakwenda zizini mikono mitupu. Kalista nyuma yake alikuwa anapiga kelele, "Nani kakusukuma? Nani kakusukuma, mzee?" Machozi yanamtoka na anacheka.

Bibi akafariki. Nikawapeleka Kirushya kwa pikapu yangu. Mpango ulikuwa nisimame pale njia ya gari inapoishia, Protasi ateremke na fimbo yake, aingie kwa mama yake kwa miguu.

Pale njia inapoishia tulimkuta Faustini, mdogo wake, na wanaume wanane. Wamekuja na ingobyi, ile machela ya kufuma ambayo kitongoji hubebea wagonjwa wao. Walikuwa wameitandika blanketi jipya. Kwetu, mtu asiye na wa kumbeba ni kama hana watu.

"Pole, shemeji," Faustini alimwambia Kalista. "Kaka yuko tayari? Tumbebe."

"Anaweza kutembea, Faustini. Mtazame."

"Hatujasema hawezi. Tumesema hatatembea. Aburute mguu mbele ya msiba wote huu, watu waseme hatukumthamini?"

Kalista angeweza kubishana. Nilishamwona akibishana na madereva wawili kwa pamoja akawashinda. Lakini ilikuwa siku ya msiba, na wale walikuwa watu wa mumewe. "Mwulizeni mwenyewe," akasema.

Protasi akawatazama. Wengine walikuwa rika lake, vichwa vyeupe, wameacha shughuli zao kwa ajili yake. Akampa mke wake fimbo, akajilaza.

Walimbeba vizuri, siwezi kusema vingine. Kaburini wakamteremsha, wakamwekea udongo kiganjani. Akautupa akiwa amelala. Mwingi uliangukia blanketi. Watu walilia, wakasema hakuna mama aliyewahi kuzikwa kwa heshima kama ile.

Waliporudi Mabawe, Protasi hakutoka nje tena.

"Twende zizini," Kalista alimwambia kila asubuhi.

"Nikafanye nini? Aliyenihitaji nisimame nimemzika nimelala."

Alijaribu nyimbo. Alijaribu maharage, alijaribu ugomvi, na mwisho alijaribu kunyamaza. Mguu ukaanza kujikunja. Vidole vya mkono ule vikajifunga. Nilikuwa napita pale kila nikienda kununua, na kila nilipopita nilimkuta amezama zaidi kitandani.

Mvua zilipokatika Kalista akanipigia simu. "Danstan, njoo ukate ule mstari."

Nikaenda na panga. Mikungu mingine ilikuwa imeoza, nikachagua inayouzika. "Tuseme bei gani, mama?"

"Yoyote."

Nikasubiri aanze, maana kwa Kalista bei ya kwanza ilikuwa salamu tu. Hakuanza. Nikalipa bei ya soko, bila kupunguza na bila kuongeza, nikaanza kukata kutoka zizini kupanda juu. Nilipofika mgomba wa mlangoni, Protasi alikuwa ndani amegeukia ukutani.

Kalista hakandi tena. Matingo wakija anawaambia mikono imechoka, na mimi sijamwona tingo aliyeweza kumbembeleza. Faustini amepata jina. Kirushya yote bado wanasimulia jinsi alivyombeba kaka yake kwenda kumzika mama. Mimi nimetoka na mgongo mzima. Napakia gunia bila kubana pumzi, na usiku nalala. Na Kalista ana mume ambaye kila asubuhi anamgeuza kitandani kwa mikono yake, upande huu, kisha upande ule, asipate vidonda.